Matangi Yasiyo na Sakafu

Kasiman alifia ndani ya tangi la choo la mtu mwingine, Jumanne moja saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na moja. Bomba lilikuwa limeziba nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu upande wa mtoni. Kasiman akafungua mfuniko, akateremsha ngazi yake ya mianzi, akashuka. Aliita mara moja aletewe waya, kisha hakuita tena. Hewa ya mle ndani ilimlaza. Waliomtoa walijifunga vitambaa puani wakamvuta kwa kamba, na walipomlaza kwenye nyasi alikuwa ameshakwisha.

Mkewe, Wagirah, alipelekewa habari akiwa anakatakata vitunguu. Akanawa mikono, akazima jiko, akauliza, "Ndala zake ziko wapi?"

Wakamwambia ziko palepale alipozivua, kando ya shimo.

"Basi mtu akazilete," akasema.

Mimi nakaa nyumba ya nne kutoka kwake, hapa Sumberan, natengeneza feni na pasi, na nilikuwepo mazikoni. Wagirah hakulia. Aliwamiminia wageni chai, akahesabu sahani, akawashukuru waliochimba kaburi kwa majina yao mmoja mmoja. Siku ya saba ikawa hivyohivyo, arobaini ikawa hivyohivyo. Watu wakasema amejikaza, mwanamke shupavu. Mimi sikuona hivyo. Mtu anayejikaza unamwona anavyojikaza. Huyu alikuwa kama feni iliyokatiwa umeme: haijaharibika popote, ila haizunguki.

Aliendelea kukaanga tempe, ile mikate ya soya iliyovundikwa, na kuiuza mlangoni kila asubuhi kama zamani. Siku nyingine chumvi ilizidi, siku nyingine haikuwepo kabisa. Tulikula tu. Watoto wake wawili walikuwa mbali, mwanamume Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, binti Batam kiwandani. Walimpigia simu jioni, naye akawaambia mvua imenyesha au haikunyesha.

Ikapita miezi kumi na minne hivi. Ndipo alipokuja Mbak Endarwati, au dada Enda kama tulivyomzoea, kutoka ofisi ya mji, msichana mwembamba mwenye pikipiki na sanduku la chupa ndogo ndogo. Alichota maji katika kila kisima cha mtaa wetu, visima arobaini na kimoja, akatia kila sampuli kwenye chupa yenye unga kidogo wa dawa, akaandika jina la mwenye nyumba, akazifungia zote kabatini kwa mwenyekiti wetu, Pak Widagdo. Baada ya siku mbili akafungua kabati mbele ya watu. Chupa zenye maji safi zilikuwa zimebaki na rangi ya chai nyepesi. Hizo zilikuwa nane. Nyingine zote zilikuwa nyeusi kama kahawa.

"Labda chupa zako ndizo chafu, Mbak," akasema Pak Widagdo. Yeye ni mstaafu wa reli, na hapendi kushangazwa na mtu nyumbani kwake.

"Chupa zimechemshwa, Pak. Hicho ni choo. Choo kimeingia kisimani."

"Sisi tunachemsha maji ya kunywa."

"Na mboga mnaoshea nini? Na meno?"

Hapo watu wakaanza kuangaliana midomo.

Mbak Enda akaeleza kwamba ofisi inataka kila tangi la choo lifunguliwe, linyonywe na gari kila baada ya miaka mitatu, na yanayovuja yajengwe upya. Ofisi itatoa sehemu, wenye nyumba watatoa sehemu. Kwa hiyo kwanza aonyeshwe matangi yaliko.

"Yako chini," akasema mtu mmoja.

"Chini wapi?"

"Chini ya nyumba! Mbak, mtu akishajenga choo anataka kukisahau, si kukitembelea."

Watu wakacheka. Pak Widagdo akapata nguvu. "La kwangu halijajaa tangu mwaka tisini na nne. Halijanyonywa hata mara moja! Tangi la namna hiyo unalitafutia ubaya gani?"

"Halijai kwa sababu linavuja, Pak."

"Linavuja kwenda wapi?"

Mbak Enda akageuka. Akakitazama tu kisima cha Pak Widagdo, hatua sita kutoka tulipokaa, kina ndoo na kamba na kikombe cha plastiki kinachoning'inia. Mke wa Pak Widagdo akainuka polepole akaenda kukitoa kile kikombe.

Yakaulizwa tena matangi yaliko, na sasa kila aliyeulizwa alijibu hilohilo: alijenga marehemu Kasiman, tumeshaweka vigae juu, alikuwa anajua yeye. Nyumba thelathini na kitu, na aliyejua ni mtu mmoja, naye yuko makaburini. Mimi ndiye niliyesema, "Lakini mkewe si yupo?"

Tukaenda watu watatu, Pak Widagdo, Mbak Enda na mimi. Wagirah alikuwa anafunga tempe kwa majani ya mgomba. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufunga.

"Mnataka kuyajua yote, au yanayovuja tu?" akauliza.

"Yanayovuja ni mangapi, Bu?" akauliza Mbak Enda, akimwita mama kwa adabu.

"Yote."

Pak Widagdo akakohoa. Mbak Enda akaketi kizingitini bila kukaribishwa. "Umejuaje, Bu?"

"Nilikuwa nabeba mchanga. Miaka kumi na mmoja, kabla mgongo haujanikataza. Anachimba, anapanga pete za zege au matofali, anafunika. Chini kunabaki udongo. Hakuna siku niliyobeba mchanga wa sakafu."

Kesho yake akatoka na nondo ya Kasiman, ile ndefu aliyokuwa akichomea ardhi kutafuta mabomba. Kwa wiki sita niliwaona wakipita kila asubuhi baada ya tempe kwisha, yeye mbele na nondo, Mbak Enda nyuma na daftari. Wagirah alikuwa akiingia kwenye nyumba ya watu, anasimama katikati, anatazama mlango wa nyuma, anatazama kisima, anahesabu hatua, kisha anagonga kigae kwa nondo. Kinalia utupu. "Hapa." Hakukosea zaidi ya mara moja.

Kwa Pak Ngadino, mfuga ndege, tangi lilikuwa chini ya chumba kipya alichomjengea mwanawe aliyeoa. "Kitanda kisogezwe," akasema Wagirah.

"Kitanda gani? Cha maharusi?"

"Tangi liko chini ya mito."

Bibi harusi akaziba uso kwa mikono miwili, akamlalamikia mumewe. "Mas, mwezi wa tatu tunalala juu ya choo cha baba yako!"

"Ndiyo maana unaota ndoto za ajabu," akasema mumewe, na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Mbak Enda alicheka mpaka akakaa chini. Wagirah alisimama akingoja kitanda kisogezwe.

Lakini kicheko hakikudumu wiki zote sita. Gari la kunyonya lilipoanza kuja, na vigae vya watu kuvunjwa, na matangi kuonekana kwa macho kwamba kweli chini ni udongo mtupu, maneno yakabadilika. Kuna aliyemwambia usoni, "Kumbe mumeo ndiye aliyetunywesha mavi."

"Ndiye aliyejenga," akajibu Wagirah.

"Mbona hakuweka sakafu?"

"Hukutaka. Ulisema unataka tangi lisilojaa."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayesoma bei sokoni. 

Kwa Bu Sutini walipita haraka. Bu Sutini ni jirani wa ukuta kwa ukuta na Wagirah, walikuwa wakinywa chai pamoja kila alasiri tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi. Mjukuu wake wa kike, Kinasih, alifariki miaka sita kabla ya haya, mtoto wa miezi kumi na minne, kwa kuharisha siku tatu wakati wa mvua. Wagirah alionyesha tangi, chini ya jiwe la kufulia, likaandikwa, akatoka.  Siku hizo bado chai ya alasiri ilikuwepo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Wagirah mwenyewe. Na hilo ndilo tangi pekee la mtaa ambalo hakulibebea mchanga. Kasiman alilijenga mwaka tisini na tatu, Wagirah alipokwenda kwao Wonogiri kujifungua yule binti. Aliporudi na mtoto mgongoni, jiko lilikuwa limeshasakafiwa. Alijua tu kwamba liko chini ya jiko, karibu na pipa la mchele.

Wakavunja vigae vitatu. Mkuu wa gari la kunyonya alikuwa mzee mmoja mnene aitwaye Legimin, mtu aliyetazama mashimo maelfu na hana cha kumshangaza. Mpira ukateremshwa, mashine ikanguruma barabarani, tope likapanda. Halikuwa jingi. Legimin akapiga magoti, akateremsha taa kwa kamba, akachungulia. Akachungulia muda mrefu. Akaomba maji, akamwaga, akachungulia tena.

"Aliyejenga hili ni nani?"

"Mume wangu," akasema Wagirah.

"Alisomea?"

"Aliishia darasa la tano. Lakini mwaka mmoja alifanya kazi ya zege Semarang, kwenye jengo kubwa."

"Njoo uone, Mbak." Legimin alimpisha Mbak Enda. "Vyumba viwili, ukuta katikati. Plasta kote, laini kama sahani. Sakafu ya zege. Na lile bomba linakwenda nyuma ya nyumba, bila shaka huko kuna shimo la kokoto, mbali na kisima. Hili halivuji hata tone. Tena limewahi kutolewa tope. Miaka mitatu, minne iliyopita, si zaidi."

Nilikuwa mlangoni, nimeleta feni yake. Wagirah alisimama na birika mkononi. Akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba kila baada ya miaka kadhaa, siku chache kabla ya Idi, Kasiman alikuwa akimtanguliza Wonogiri. Nenda wewe kwanza, mimi nina kazi ya kumalizia. Na kila aliporudi, jikoni kulikuwa na saruji mbichi kwenye kingo za vigae. Nimeziba sisimizi, alikuwa akisema. Sisimizi wa jiko hili hawaishi.

"Basi alijua, Bu," akasema Mbak Enda.

"Inaelekea."

"Na kisima chenu..." Mbak Enda akafunua daftari. "Kisima chenu nacho kilikuwa cheusi. Hayo hayatoki hapa. Yanatoka kwa majirani, chini kwa chini. Kwa Bu Sutini ni hatua saba tu."

Wagirah akatikisa kichwa kukubali. Akawamiminia chai.

Baadaye sana aliniambia kwamba jioni ile alikaa kwenye kigoda akalitazama lile tundu, akingoja kitu kimjie. Hasira, au aibu, au hata kicheko. Alijua kwamba mtu mwingine hapo angelia au angevunja vyombo. Alingoja kama unavyongoja chafya. Haikuja. Akasikia wali unaungua, akainuka kuuepua.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Jumapili iliyofuata, barazani kwa Pak Widagdo, mikeka imetandikwa, karanga za kuchemsha zimeletwa. Ilikuwa ni kuamua nani atatoa nini kwa matangi mapya. Kelele zilikuwa nyingi. Mmoja alitaka jina la Kasiman liandikwe kwenye barua ya ofisi, kwamba fundi ndiye mwenye makosa, ili ofisi ibebe gharama yote. Pak Widagdo akainua mkono, na kwa haki niseme alikuwa na nia nzuri.

"Jamani, tusimseme marehemu. Alijenga kama ilivyokuwa ikijengwa. Enzi zile nani alijua mambo ya sakafu? Hakujua yeye, hatukujua sisi."

"Alijua," akasema Wagirah.

Alikuwa amekaa karibu na mlango, upande wa wanawake. Watu hawakuwa na hakika nani amesema.

"Umesemaje, Bu Kasiman?"

"Kasiman alijua. Tangi la kwetu lina sakafu. Lina vyumba viwili, na alikuwa akilitoa tope mwenyewe kwa siri. Juzi tumelifungua, muulizeni Mbak." Akamenya karanga moja, akaiweka kwenye sahani bila kuila. "Na wewe alikuambia, Pak. Alikuja hapa na karatasi aliyoichora. Mimi nilikuwa nje na toroli. Ulikuwa umekaa hapohapo, unakata kucha za miguu. Ukamwambia, sakafu ya nini, kwani nataka kufuga samaki mle? Kama huwezi kuchimba ninavyotaka, ntamwita fundi wa mtaa wa pili. Tulikuwa na mtoto mchanga. Akachimba ulivyotaka. Baada yako hakumwambia mtu tena."

  Masikio ya Pak Widagdo yalikuwa mekundu. Aliitazama miguu yake, kweli nawaambia, aliitazama miguu yake mwenyewe.

Bu Sutini ndiye aliyeinuka. Akakung'uta saruni yake, akapita katikati ya watu, akashuka barazani. Alivaa ndala zangu badala ya zake, na mimi sikumwita.

Baada ya hapo wateja wa tempe wakapungua nusu. Wengine walimkasirikia Kasiman, na kwa kuwa hayupo wakamwonyesha mkewe. Wengine walimkasirikia yeye, kwa kumsema maiti mbele za watu. Mwanawe alipiga simu kutoka Kalimantan, habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mama, umelichafua jina la baba."

"Nimesema lililokuwepo."

"Kwani nani alikuuliza? Si ungenyamaza tu? Hukumfikiria hata kidogo?"

"Nilimfikiria," akasema. "Nilimfikiria sana, Le, mwanangu. Sikusikia kitu moyoni."

Mwanawe akakata simu. Wagirah akaiweka simu mezani na kurudi kuosha soya.

Chai ya alasiri ilikoma. Ukuta kati ya nyumba zile mbili ni mwembamba, mtu akipiga chafya upande huu upande wa pili wanamwombea. Siku ishirini na tatu hakuna aliyesema neno na mwenzake. Siku ya ishirini na nne, mchana wa jua kali, Bu Sutini akatokea kwenye mlango wa jiko la Wagirah. Hakuvua ndala, hakuingia.

"Wewe ulijua?"

"La kwetu sikujua. La kwako nilijua halina. Mchanga niliubeba mimi."

"Ukawa unakaa kwangu unakunywa chai."

"Ndiyo."

"Ya kisima kile."

"Ndiyo. Nilidhani udongo unachuja. Wote tulidhani unachuja." Akafuta mikono. "Kasiman hakudhani hivyo. Hata ile karatasi yake nilidhani ni madoido ya Semarang tu; ukweli nimeujua juzi."

Bu Sutini alishika mwimo wa mlango. Wagirah alingoja atukanwe. Aliniambia alikuwa tayari kabisa, hata alisogeza sufuria pembeni isije ikamwagika. Lakini Bu Sutini alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nataka lenye sakafu. Wewe simamia. Ukiwa hupo wataniibia saruji."

Nyumba tano za uchochoro wetu hazina nafasi ya kila mtu kuchimba tangi lake, vyoo vimeshikana na vitanda na visima. Kwa hiyo ofisi ikakubali tangi moja kubwa chini ya uchochoro wenyewe, mabomba ya nyumba tano yaingie humo, gari la kunyonya lifike kwa urahisi. Tulichimba kiangazi, kwa zamu. Hata Pak Widagdo, ambaye uchochoro si wake, alikuja siku mbili na jembe. Alichimba bila kuzungumza, akanywa maji, akaenda zake.

Mafundi waliletwa wawili. Siku ya kumwaga sakafu Wagirah alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Zege hilo lina maji mengi," akasema.

Fundi mmoja akatazama juu. "Bu naye ni fundi?"

"Ongeza saruji. Na hiyo nondo inagusa udongo, iinue, weka vijiwe chini yake."

"Hee, mama huyu! Tukimaliza hapa tukuoe, utusimamie kazi zote."

"Mume wangu alifia kwenye kazi hii," akasema Wagirah. "Inua nondo."

Wakainua. Na alipoona mmoja wao anataka kuteremka tena baada ya kufunika nusu, alimzuia kwa kumshika shati, akasema kwanza mfuniko wote ufunguliwe, hewa ipite, wangoje, wengine wawili wabaki juu na kamba. Yule fundi alianza kubishana kisha akamtazama usoni, akaacha.

Zege lilipokauka wakapiga plasta, wakaiacha siku kadhaa, kisha wakalijaza tangi maji safi kwa pampu. Fundi akapigilia msumari ukutani mle ndani, maji yakawa sawasawa na msumari. Likaachwa mpaka kesho yake. Kama linavuja, maji yatashuka chini ya msumari.

Asubuhi niliwakuta wanawake wale wawili wameshatangulia, wamechuchumaa ukingoni, kila mmoja upande wake. Jua lilikuwa linaingia vizuri. Msumari ulikuwa pale, nusu ndani ya maji na nusu nje, vilevile.

"Hayajashuka," akasema Bu Sutini.

"Hayajashuka."

Nilitaka kuwasalimu nikaona si wakati wake, nikabaki kwenye kizingiti changu. Bu Sutini alikuwa anayatazama maji.

"Ni lile tangi?" akauliza. "Kinasih. Ni lile tangi?"

"Sijui."

"Lakini unadhani."

 Nilimwona Wagirah akikuna mkono, akitazama mbele. "Nadhani inawezekana," akasema. "Watoto wanaharisha kwa mambo mengi. Lakini inawezekana."

"Hata maji ya kumwosha alipofariki tulichota kisimani palepale."

"Mimi ndiye niliyechota."

Bu Sutini akatikisa kichwa mara nyingi, kidogo kidogo. Kisha akainuka kwa kushika goti, akarudi ndani kwake. Wagirah alibaki amechuchumaa mpaka fundi alipokuja.

Mambo hayakunyooka yote. Mbak Enda alipima tena visima mwaka uliofuata. Chupa nyeusi zilipungua kutoka thelathini na tatu hadi kumi na tisa. Kuna wenye nyumba tisa ambao hadi leo hawajajenga upya, wanasema mwakani, na mwakani wanasema tena mwakani. Udongo nao, alisema Mbak Enda, una kumbukumbu ndefu, utachukua miaka kujisafisha. Kisima cha Bu Sutini kilikuwa safi. Cha Wagirah bado kilikuwa cheusi, kwa sababu nyuma yake kuna mmoja wa hao tisa. Anachemsha. Mboga anaoshea maji ya bomba ambalo ofisi imelileta uchochoroni.

Ofisi ilimwomba aende na mitaa mingine ambako Kasiman alijenga, siku mbili kwa wiki. Akakubali. Siku moja, wakipumzika kwenye kibanda cha wali, Mbak Enda alimuuliza kama amemkasirikia mumewe. Wagirah alitafuna, akameza, akafikiri.

"Bado sijafika huko," akasema.

"Na kumsamehe?"

"Huko ni mbali zaidi. Kula, wali unapoa."

Siku ya elfu tangu afe Kasiman ilifika mwishoni mwa mvua, siku ambayo kwetu jiwe la kaburi huwekwa na dua kubwa husomwa. Mwanawe alikuja kutoka Kalimantan, binti akaja kutoka Batam. Tulijiuliza nani atahudhuria. Walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Pak Widagdo alikaa mstari wa mbele. Bu Sutini alikuja tangu asubuhi na mbuzi yake ya kukunia nazi, akakuna nazi kumi na mbili pembeni, peke yake, bila kuongea sana na mtu. Wagirah alikuwa mbioni siku nzima, mchele, kuku, majani ya kufungia, viti vya wazee.

Dua ilipoanza akaketi na wanawake, mgongo ukutani. Watoto wake walimtazama, wakidhani labda leo atalia. Mimi pia nilimtazama, nakiri. Sauti za wanaume zikapanda na kushuka, zikapanda na kushuka, na katikati yake niliona kichwa cha Wagirah kinainama, kinainuka, kinainama tena. Kikaegemea upande. Alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani. Alilala mbele ya wageni wote, jinsi mtoto mdogo anavyolala.

Binti yake akataka kumwamsha kwa aibu. Bu Sutini akamshika mkono.

"Mwache," akamnong'oneza. Kisha akawageukia wanawake wa jikoni waliokuwa wakigonganisha sahani, akaweka kidole mdomoni.